Mwongozo wa Kuruta Anayebaki Nyumbani

Majina yametoka. Kila mwaka, mtihani wa kidato cha sita ukishakwisha, Jeshi la Kujenga Taifa hutoa orodha ya vijana wanaoitwa kwa mujibu wa sheria, na nyumba nyingi hupata habari kwa namna ileile: kijana anapiga kelele chumbani, wadogo zake wanamkimbilia, na wewe unabaki sebuleni unatafuta miwani. Mwanao amepangiwa kambi. Labda ni Ruvu, hapo Mlandizi, na kama unakaa Dar es Salaam utamwona karibu tu. Labda ni Bulombora, Kigoma, au Mlale, Ruvuma, au Rwamkoma kule Mara, na ghafla jiografia uliyoisoma zamani darasani imekuwa jambo la familia.

Kuanzia hapo mwanao ni kuruta. Atapewa hanga la kulala, wenzake wa kukimbia nao, na afande wa kumwambia saa ya kuamka na saa ya kula. Wewe hupewi chochote. Hakuna anayekupulizia filimbi wala kukupangia ratiba, nawe una miezi mitatu hivi ya kupita. Kwa hiyo mwongozo huu unakuandikisha rasmi. Wewe pia ni kuruta, kambi yako ni nyumba yako, na amri ni hizi zifuatazo. Zote nimeziandika kwa mapenzi na zote zinatekelezeka.

Kabla ya amri yoyote, ijue hofu yako inatoka wapi. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Kwa miaka mingi kijana aliyemaliza kidato cha sita au chuo alijua kwamba lazima apite jeshini kabla ya kuanza maisha yake. Mwaka 1994 utaratibu huo ukasimamishwa. Ukarudi mwaka 2013, na wabunge vijana wakaingia kambini mwaka huohuo ili kuonyesha njia. Sasa piga hesabu ya ukoo wako. Kijana anayeitwa leo ana miaka kumi na tisa, ishirini. Wazazi wake, wengi wetu, tulimaliza shule ndani ya ile miaka ambayo kambi hazikutuita. Babu alikwenda. Mjukuu anakwenda. Sisi wa katikati tulipita pembeni, na mtu huogopa zaidi mlango ambao hajawahi kuuingia.

Hiyo ndiyo sababu ya amri ya mwanzo kabisa: nenda kwa mzee aliyepita JKT, awe baba yako, mjomba, au mama mdogo, maana mabinti nao walikwenda. Nenda mwenyewe kabla hujampeleka mtoto. Mzee huyo ataanza na doso, yaani mazoezi ya adhabu, atakuonyesha kovu la goti, atakwambia walivyoruka kichura mpaka jua likazama. Msikilize kwa adabu, kisha umuulize mambo unayoyahitaji. Walikuwa wanakula nini? Nani alikuwa rafiki yake hangani, na wako pamoja mpaka leo? Wiki ya ngapi mwili ulizoea? Alipougua alihudumiwa na nani? Utaona uso unabadilika. Wazee wengi hawakuwahi kuulizwa maswali hayo, na majibu yake yatakutuliza kuliko ushauri wa mtaa mzima.

Na akikwambia kwamba enzi zao kila mtu alikwenda akiimba, mheshimu, lakini historia inasema zaidi ya hapo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya utumishi huo: miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo ukiwa kazini unalipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, wakarudishwa kwao, na hapohapo akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi waliruhusiwa kurudi masomoni baadaye. Nalitaja hili kwa ajili ya kijana wako. Akinung'unika siku ya kuona jina lake, usimwambie kizazi chao ni legelege. Manung'uniko ni ya zamani karibu sawa na jeshi lenyewe, na walionung'unika ni watu waliokuja kuwa babu za watu.

Mguu sawa!

Tangazo la JKT hutaja vifaa mpaka mfuko wa nguo. Bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, mfuko mmoja nyuma, urefu wa kuishia magotini. Fulana ya kijani. Raba za michezo za kijani au bluu. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Traksuti ya kijani au bluu. Nguo za baridi kwa wanaokwenda mikoa ya baridi, na anayekwenda Mafinga usimwonee haya kumwongezea sweta. Soma mpaka mwisho, halafu tii kama ilivyoandikwa.

Bukta ndiyo itakayokutoa jasho, kwa sababu wiki hiyo kila mzazi mjini anaitafuta bukta hiyohiyo na muuza duka anajua. Usimalize viatu vyako Kariakoo. Nunua kitambaa, nenda kwa fundi wa mtaani, mpe tangazo alisome kwa macho yake, ashone mbili. Mwanao atakubembeleza kwamba zipu ndogo haina neno, au kwamba mifuko miwili inapendeza zaidi. Kataa. Kuruta anayetofautiana na wenzake kwa mfuko mmoja hujulikana kwa jina siku ya kwanza, na siku ya kwanza ni afadhali kutojulikana.

Fedha ukiwa nayo kidogo, iweke kwenye raba. Hili nalisema kwa msisitizo kuliko kitu kingine chochote cha kubeba. Raba mpya iliyovaliwa kwa mara ya kwanza kwenye mchakamchaka huchubua kisigino asubuhi, na mchana kuna kwata kwa kisigino hichohicho. Zinunue mapema, azivae nyumbani, akimbie nazo. Tena kimbia naye. Mtoto aliyekaa na vitabu mwaka mzima anahitaji kuufungua mwili taratibu, na barabara ya mtaani saa kumi na moja alfajiri ni mahali pazuri sana pa mazungumzo. Mkiwa mnahema bega kwa bega, hamtazamani usoni, atakwambia anachokiogopa. Sebuleni hasemi.

Afya haina mzaha. Kama ana pumu, selimundu, kifafa, au dawa anayotumia kila siku, pata barua ya daktari wake, funga dawa za kutosha, na mkubaliane kwa sauti kwamba atasema ukweli wote siku ya kuripoti. Vijana huficha. Wanaogopa kuonekana dhaifu mbele ya wenzao, na wengine wanaogopa kurudishwa. Mwambie wazi kwamba kusema "nina pumu, afande" ni ujasiri wa kwanza anaotakiwa kuuonyesha jeshini. Kwa vijana wenye ulemavu wa kuonekana, matangazo yamekuwa yakiwaelekeza Ruvu, kwenye miundombinu ya kuwahudumia, basi angalia mstari huo usikupite.

Kisha karatasi. Tangazo humtaka aende na nyaraka za udahili wa chuo, kama cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne, kwa sababu matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai, naye yuko kambini. Dirisha la mikopo ya elimu ya juu nalo huwa wazi katika miezi hiyohiyo. Hapa ndipo mzazi anaposhinda au kushindwa vita yake halisi. Kabla hajaondoka, kaeni jioni moja mezani: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, nakala zitolewe, vyuo na kozi anazozitaka aziandike kwa mpangilio kwa mwandiko wake mwenyewe, nywila zote ziandikwe mahali mnapopajua nyote. Saini ya serikali ya mtaa ifuatilie mapema, maana ofisi ile siku unayoihitaji mtendaji huwa kwenye kikao. Kila fomu utakayoikamilisha ni usiku mmoja utakaolala vizuri.

Nauli ya kwenda na ya kurudi mpe zikiwa zimetengwa, na ya kurudi aiweke mbali na ya kutumia. Pilau ya kula njiani, sawa. Ndoo ya karanga, sanduku la magurudumu, mto wake wa utotoni, mafuta ya nywele: vibaki. Nywele zenyewe zinanyolewa.

Nyuma geuka!

Amri hii ni ya stendi. Iwe ni Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, au stesheni ya treni kwa anayekwenda Makutupora au Mpwapwa kupitia Dodoma, mambo ni yaleyale. Fika mapema, mkabidhi begi lake alibebe mwenyewe, muombee, mkumbatie mara moja, kisha geuka uende. Usipande ndani ya basi kumwonyesha kiti. Usimwombe dereva amtazame. Ndani ya basi hilo huenda wamo makuruta wenzake, nao wanatazama dirishani.

Kulia kunaruhusiwa. Sijui nani alituambia kwamba mzazi akilia anamvunja mtoto moyo. Kinachomvunja moyo ni mzazi anayelia na kuahidi kwamba atamfuata wiki ijayo. Lia, futa uso, mwambie unajivunia yeye, ondoka. Akina baba wanaozunguka basi wakikagua matairi ambayo si yao, nawaomba wasimame mbele ya watoto wao waseme neno moja la upendo kwa mdomo. Mtoto ataondoka nalo, na kule hangani, taa zikizimwa, atalirudia.

Mguu pande!

Sasa inaanza kozi yako. Mguu pande ni mkao wa kusubiri: umetulia, lakini hujaondoka kwenye mstari.

Simu yake ameiacha kabatini. Itatetemeka na ujumbe wa marafiki. Izime na usiifungue. Huyu ni mtu mzima anayekwenda kushika silaha chini ya kiapo, hastahili kurudi akute mama yake amesoma mazungumzo yake yote na kumpangia mchumba. Kuaminiwa nako ni malezi, na malezi ya vijana ni kazi ya kwanza ya JKT, kabla ya uzalishaji mali na ulinzi wa taifa. Fanya sehemu yako.

Ukimya huo utakuuma zaidi usiku, kwa hiyo ujaze na unachokijua badala ya unachokihofia. Muda huu kule filimbi inalia kabla ya jua. Wanakimbia mchakamchaka wakiimba chenja, mmoja anaongoza, mamia wanaitikia. Wanafanya usafi, wanakula, wanakwenda uwanjani kupiga kwata mpaka kushoto na kulia kuwe kitu kimoja. Kuna fatiki, yaani shamba, kuni, jiko, choo. Kuna madarasa ya uzalendo na stadi za kazi. Kuna rokoo, majina yanaitwa mmojammoja, na lake linaitwa. Mtoto anayehesabiwa kila siku hajapotea. Mimi hilo la rokoo ndilo lililonilaza usingizi binti yangu alipokuwa kambi ya kusini, na ndilo ninalowaambia wazazi kwanza wakiniuliza.

Wewe nawe jiwekee rokoo. Jioni kaa na mwenzako mzungumze kwa dakika chache juu ya mtoto wenu, halafu mgeukie mambo mengine. Baba watoto akinyamaza, usidhani hajali, muulize. Mama watoto akipika chakula cha watu saba mkiwa sita, usimsahihishe. Wadogo zake usiwasahau, maana kuna mmoja aliyepoteza mwalimu wake wa hesabu na hajui kwa nini anakasirika. Mpe fatiki moja ya kaka au dada yake, iliyo muhimu kweli, kama kufungua banda la kuku au kumpeleka bibi kanisani au msikitini, ajisikie kwamba pengo hilo amelishika yeye.

Na usiache kula nyama kwa sababu yeye anakula maharage. Ugali na maharage vimejenga miili ya watu wengi nchini, ukiwemo wa huyo babu yake.

Kundi la wazazi kwenye WhatsApp litaundwa hata kama hukulitaka. Lina faida: mmoja atakuwa na ndugu karibu na kambi, mwingine atapata tarehe ya sherehe mapema. Lakini usiku lina sumu. Ujumbe wa sauti unaoanza na "nimesikia" usiusambaze mpaka aliyeusikia aseme kutoka kwa nani. Mama aliyelala njaa kwa hofu ya uvumi wako ni mama mwenzako.

Hapa nitasimama kidogo, maana kuna watu wanaouvizia moyo wa mzazi katika kipindi hiki. Simu ya namba ngeni inapigwa, sauti ya haraka inasema mwanao ameanguka kwenye mazoezi, yuko hospitali, tuma fedha sasa hivi kwenye namba hii. Wanajua huwezi kumpigia mtoto kuhakikisha. Usitume hata shilingi. Mwambie apige tena, kata, kisha uulize kupitia kambi yenyewe au makao makuu ya JKT. Fundisha hili nyumba nzima, hasa bibi, kwa sababu bibi ndiye mwenye huruma ya haraka na akiba kwenye simu.

Kwa upande wa pili, namba ngeni hiyohiyo inaweza kuwa yeye, ameazimwa simu kwa dakika mbili. Pokea. Na ukipokea, acha aseme yeye kwanza. Wazazi wengi humaliza dakika hizo kwa maswali: umekula, umekonda, unalala wapi, nani anakuonea. Kisha simu inapita kwa shangazi, kwa jirani, kwa mtoto wa jirani. Uwe na maneno matatu tayari: tuko salama, tunakupenda, tunakusikiliza. Halafu nyamaza. Kama babu anaumwa na hali si ya hatari, habari hiyo isubiri. Akilia, usimwambie arudi, na usimwambie ajikaze kiume au kwamba wenzake mbona hawalii. Mwambie leo ni leo tu, kesho kuna kwata nyingine. Namba ya afande, kama umebahatika kuipata, ni ya dharura. Afande huyo ana mamia ya watoto, na kila mmoja ana mama.

Mbele tembea!

Siku ya kufunga mafunzo, kama una uwezo wa nauli, nenda. Nasema hivi hasa kwa baba anayejiambia kwamba kazi haziruhusu. Utakaa juani muda mrefu kumsubiri mgeni rasmi. Kisha vitapita vikosi, na hutamtambua mwanao, kwa sababu vichwa vyote vimenyolewa na mikono yote inapanda sawasawa. Usione vibaya. Subiri kwata ya kimyakimya, pale wanapobadilisha hatua bila amri kusikika, kila mmoja anahesabu moyoni, na hakuna anayekosea. Huyo aliyekuwa akiamshwa mara nne aende shule yumo humo ndani, anahesabu.

Nyumbani ataamka kabla ya jogoo, atatandika kitanda mpaka shuka ling'ate, atamaliza sahani kabla hujanawa. Atamjibu mjomba wake "ndiyo, afande". Wadogo zake watacheka na yeye atacheka. Nidhamu hiyo si trekta la familia. Usimrundikie kazi zote za nyumba kwa kuwa sasa ni mkakamavu. Mwache alale siku kadhaa. Usimtake asimulie yote mbele ya wageni. Hadithi zitatoka kwa vipande, na nzuri zitatangulia. Zile nzito huja baadaye, jikoni, mkiwa wawili. Akikueleza jambo lililovuka mafunzo, la kuonewa au kudhalilishwa, usimwambie jeshi ndivyo lilivyo. Sikiliza mpaka mwisho, andika, mlifuatilie pamoja kwa njia rasmi, na umwamini kwanza.

Kisha mkutanishe na yule mzee uliyeanza kwake. Wataulizana operesheni, maana kila kundi lina jina lake, kama lile la 2014 lililoitwa Operesheni Miaka 50 ya Muungano. Watabishana kwata ya nani ilikuwa ngumu, wataimba chenja ambazo wewe huzijui, na babu atasimama kuonyesha namna ya kugeuka. Uliza maswali yako yote siku hiyo. Ndipo sisi tulioachwa katikati tunapoingia kambini.

Muda uliobaki ni mfupi, kwa sababu chuo kinakaribia kufunguliwa, na kwa kijana wa Dar es Salaam aliyepata nafasi Dodoma au Mbeya safari nyingine iko mlangoni. Usianze tena kumtafutia binamu wa kumpokea stendi. Ameshavuka nchi na begi lake, akaripoti kwa jina lake, akalala na watu mia asiowajua na kurudi na marafiki. Mpe fedha ya tiketi, akakate mwenyewe.